Kwa nini gunia la jirani limetoa mafuta mengi kuliko lako?

Ndugu mkulima, kila msimu wa kukamua alizeti hapa Chato naulizwa: "Bwana shamba, magunia yetu yanalingana, mbona mwenzangu kaondoka na madumu mengi?" Mashine huchangia, lakini anza kwanza na mbegu.

Alizeti asili yake ni Amerika Kaskazini, ila Warusi ndio walioifanya zao kubwa la mafuta. Mwaka 1912 Vasily Pustovoit alianza utafiti wake Krasnodar. Hakuwa na kipimo cha vinasaba. Alichagua mimea bora, akaweka akiba sehemu ya mbegu za kila mmea, zilizobaki akazipanda na kupima mafuta ya watoto wake. Wakifanya vizuri, alirudi kwenye akiba ya mama yao, akaipanda mahali pa peke yake. Akarudia hivyo miaka na miaka, mpaka mafuta yakapanda kutoka kama asilimia 30 hadi karibu 50. Ganda jembamba lilichangia. Hilo hata wewe unaliona ukimenya mbegu.

Hukohuko Krasnodar, mwaka 1976, Soldatov alitumia kemikali kubadili mbegu, ikapatikana Pervenets. Mafuta yake yana asidi oleiki nyingi, hivyo hayachachi upesi. Sababu ilijulikana baadaye: jeni iitwayo FAD2, inayosaidia kugeuza asidi oleiki kuwa linoleiki, imezimwa ndani ya mbegu.

Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Wafaransa walichapisha ramani ya vinasaba vya alizeti: kromosomu 17, jeni zaidi ya 52,000. (Ni ndefu kuliko ya binadamu!) Kwa ramani hiyo walitafuta jeni zinazoshirikiana kutengeneza mafuta. Alama za jeni kama hizo humwezesha mzalishaji wa mbegu kupima jani la mche badala ya kusubiri mavuno.

Sasa rudi shambani kwako. Ukipanda tena mbegu uliyovuna kwenye chotara, jeni zinagawanyika upya na mimea haifanani, hata mafuta. Record si chotara, unaweza kuirudia, lakini nyuki hawajui mpaka wa shamba: huleta chavua ya jirani. Kwa hiyo mbegu ya akiba itoe katikati ya shamba, si pembeni. Na ukinunua dukani, tafuta lebo ya TOSCI kabla hujatoa hela.