Nadharia ya uambatano

Nadharia ya uambatano hueleza kifungo cha mapenzi kinachomuunganisha mtoto mchanga na mlezi wake, na jinsi kifungo hicho kinavyoendelea kuijenga nafsi ya mtu hadi utu uzima. Waasisi wake ni John Bowlby (1907–1990), daktari wa magonjwa ya akili wa London, na Mary Ainsworth (1913–1999), mwanasaikolojia aliyezaliwa Marekani na kukulia Kanada. Vitabu vingi vya kiada huihesabu kuwa nadharia ya Uingereza na Marekani, lakini utafiti wake wa kwanza wa kuwatembelea watoto majumbani ulifanyika Buganda, nchini Uganda.

Bowlby alianza na watoto waliotenganishwa na wazazi wao. Mwaka 1944 alichapisha uchunguzi wa vijana 44 wenye tabia ya wizi, na miongoni mwa wale walioonekana kutomjali mtu yeyote aliwakuta wengi waliokaa mbali na mama zao kwa muda mrefu utotoni. Mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu malezi ya mama na afya ya akili. Siku zile wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa kuwa mama ndiye anayemlisha. Bowlby hakukubali. Aliwatazama vifaranga wa bata bukini waliochunguzwa na Konrad Lorenz, ambao humfuata kiumbe wa kwanza wanayemwona. Akatazama pia majaribio ya Harry Harlow, ambamo watoto wa kima waliliganda sanamu la kitambaa na kuliacha la waya lenye chupa ya maziwa. Akahitimisha kwamba kumng'ang'ania mlezi ni silika inayojitegemea, iliyomkinga mtoto na hatari tangu enzi za kale. Hoja hiyo aliijenga katika vitabu vitatu vilivyotoka mwaka 1969, 1973 na 1980.

Ainsworth alikuwa amefanya kazi na Bowlby London kabla ya kwenda Kampala, ambako mumewe alipata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Mwaka 1954 alianza kuzitembelea familia 26 zenye watoto 28 katika vijiji vya karibu na mji. Alifika kila baada ya wiki mbili hivi akiwa na mkalimani, akakaa na kina mama sebuleni kwa muda wa saa mbili. Alikusudia kuchunguza kuachishwa ziwa, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba desturi ya Waganda ni kumpeleka mtoto kwa bibi yake wakati huo. Alipofika akakuta desturi hiyo imekwisha kufifia. Basi akayaelekeza macho yake kwa watoto waliokuwa bado na mama zao, na hapo ndipo alipopata jambo kubwa zaidi.

Aliona kwamba mtoto anayetambaa humwacha mama, huenda kukishika kitu kilichomvutia, hugeuka kumtazama, hurudi kumgusa, kisha huondoka tena. Mama ni kituo: akiwepo, mtoto huthubutu. Aliona pia mama anaporudi kutoka shambani au sokoni, mtoto wa Kiganda humpokea kwa kupiga makofi. Hakuwa na mazoea ya kukumbatia wala kubusu. Lakini watoto wengine walilia mara kwa mara hata wakiwa mapajani, na wachache hawakuonyesha dalili ya kumtofautisha mama na watu wengine.

Ainsworth alijiuliza tofauti hii inatoka wapi. Mama aliyeweza kumweleza mwanawe kwa undani, akataja kinachomchekesha na kinachomtisha bila kuulizwa, mara nyingi ndiye aliyekuwa na mtoto mtulivu. Kulelewa na watu wengi, yaani bibi, shangazi na dada wakubwa, hakukuonekana kuuharibu uambatano. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, hilo ndilo tokeo lililostahili kuvuma kuliko yote, nalo ndilo lililosahauliwa upesi. Kitabu cha utafiti huo kilitoka mwaka 1967.

Baadaye alirudia kazi hiyo Baltimore, Marekani, kwa familia nyingine 26. Huko mtoto alipoachwa na mama nyumbani mwao, mara nyingi hakushtuka kama yule wa Buganda. Ndiyo maana Ainsworth alibuni jaribio la Hali Ngeni: kwa dakika 20 hivi, katika chumba asichokizoea, mtoto wa mwaka mmoja huachwa na mama mara mbili, na mtu asiyemjua huingia na kutoka. Kinachopimwa zaidi ni namna anavyompokea mama anaporudi. Mwenye uambatano salama humwendea, akatulia, akarudi kucheza. Mwenye uambatano wa kukwepa humpuuza. Mwenye uambatano wa wasiwasi hutaka kubebwa na papo hapo hujinasua kwa hasira. Mary Main na Judith Solomon waliongeza aina ya nne, uambatano uliovurugika, ambapo mtoto huonekana kumwogopa yule yule anayemkimbilia.

Jaribio hilo ni rahisi kulifanya, ndiyo sababu lilienea. Lakini linahitaji jicho linaloijua jamii. Katika utafiti uliofanywa kwa Wagusii wa Kenya na kuchapishwa mwaka 1986, watafiti walizingatia kwamba mtoto wa huko hulakiwa na wakubwa kwa kupewa mkono, hakumbatiwi. Aliye salama aliunyoosha mkono wake kwa hamu. Wa kukwepa aliangalia pembeni. Watoto hao walilelewa na mama pamoja na dada au kaka mkubwa wa umri wa kwenda shule. Uambatano na mama ulihusiana na lishe ya mtoto, na ule wa yule mlezi mdogo ulihusiana na ukuaji wa akili. Kila mlezi alikuwa na mchango wake.

Kuhusu maisha ya baadaye, Bowlby alisema mtoto hubeba moyoni picha ya nafsi yake na ya watu: kwamba anastahili kupendwa au hastahili, kwamba wengine hutegemeka au hawategemeki. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver waliihamishia nadharia hii kwenye mapenzi ya watu wazima. Huko Minnesota, Alan Sroufe na Byron Egeland waliwafuata watoto wa familia maskini tangu kabla ya kuzaliwa hadi ukubwani. Uhusiano wa utotoni ulionekana kuacha alama, lakini alama hiyo hubadilika: wengine walioanza vibaya walipata nguvu kwa mwenzi mwema au mlezi mwingine, na wengine walioanza vizuri waliyumbishwa na misukosuko. Anayesema miaka miwili ya mwanzo imemaliza yote anaisingizia nadharia hii.

Mwaka 1988 Marinus van IJzendoorn na Pieter Kroonenberg walikusanya matokeo ya Hali Ngeni ya watoto karibu 2,000 kutoka nchi nane. Tofauti za ndani ya nchi moja zilizidi tofauti za kati ya nchi na nchi. Katika nchi hizo nane hamkuwa na hata moja ya Afrika. Mwalimu wa saikolojia ya makuzi katika vyuo vyetu aianze mada hii na watoto 28 wa Buganda, ndipo awapeleke wanafunzi wake Baltimore.