Lugha ya siasa ya Ujamaa

Lugha ya siasa ya Ujamaa ni msamiati na mtindo wa usemi uliotumiwa na chama cha TANU, kisha CCM, kuieleza siasa ya Tanzania kwa umma, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Ilisambazwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, gazeti la chama Uhuru, na hotuba za Rais Julius Nyerere, aliyezungumza Kiswahili chepesi kilichoeleweka hadi vijijini.

Nguvu yake ilitokana na kuyachukua maneno ya nyumbani na kuyapa kazi ya dola. Ujamaa, neno la udugu wa ukoo, likawa jina la mfumo wa uchumi. Anayeishi kwa jasho la wengine aliitwa kupe au mnyonyaji, na mirija yake ilipaswa kukatwa. "Ndugu" likatangulia jina la kiongozi na la mkulima vilevile. Msikilizaji aliyeyapokea maneno haya alikuwa tayari amekubali nusu ya hoja, kwani nani angesimama kumtetea kupe?

Lugha hiyohiyo iliweza kuficha. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, mamilioni ya watu walihamishwa, wengi kwa nguvu, huku mpango huo ukitangazwa kuwa maendeleo. Hilo ndilo doa lake kubwa. Vyombo vya habari vya binafsi vilipoongezeka katika miaka ya 1990, ukiritimba wa chama juu ya maneno ulivunjika. Hata hivyo, "Ndugu" bado hutumika ndani ya CCM.