Saa za Angani na Siku za Ardhini

Shuleni tulifundisha kanuni fupi: gawanya umbali kwa mwendo, utapata muda. Kanuni hiyo ni ya kweli, lakini safari ya binadamu ina mambo ambayo kanuni haiyahesabu. Historia ya Mwanza, mji ambao sisi watu wa Bukundi huuendea tunapotaka kupanda ndege, yaonyesha jambo hilo waziwazi.

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari ya kila wiki kutoka Croydon, London, hadi Mwanza, kupitia Cairo, Khartoum, Juba na Kisumu. Kuanzia Khartoum zilitumika ndege za kutua majini, zikishukia Mto Nile na kisha Ziwa Victoria. Barua ilichukua siku kumi hivi.

Sasa tufanye hesabu, msomaji. Kwa mstari mnyoofu, London hadi Mwanza ni kama kilomita 6,800. Ndege zile zilikwenda kilomita 150 hivi kwa saa. Kama zingeruka bila kusimama, saa 45 zingetosha, yaani pungufu ya siku mbili. Je, siku nane nyingine zilikwenda wapi? Baadhi zilimezwa na mizunguko ya njia. Nyingi ziliishia ardhini: usiku ndege zililala, mafuta yalijazwa kituo hadi kituo, na mizigo ilihamishwa kutoka ndege hii hadi ile.

Siku hizi ndege ya jeti huweza kuumaliza umbali huo kwa saa tisa hivi. Dar es Salaam hadi Mwanza, kama kilomita 850, ni mwendo wa saa moja na nusu tu. Hata hivyo ardhi bado yadai haki yake.

Mapema mwaka 1998, wakati wa mvua za El Niño, mama yetu alifariki. Kaka yangu alipanda ndege Dar es Salaam asubuhi, na saa nne alikuwa Mwanza. Kutoka hapo hadi Bukundi alitumia siku mbili. Basi lilikwama katika udongo wa mbuga, akalala Mwanhuzi, kisha akaja sehemu kwa baiskeli na sehemu kwa miguu, akisubiri makorongo yapungue maji. Alifika tumekwisha kuzika. Aliketi kando ya kaburi, akauliza neno moja: "Aliniulizia?" Nikamjibu, "Ndiyo, kaka. Mara nyingi."

Kwa hiyo tusiwasifu warukao juu tukawasahau wajengao daraja na kalvati. Urefu wa safari hupimwa kwa kipande chake kigumu kuliko vyote, na kwetu kipande hicho mara nyingi ndicho cha mwisho. Kijana anayetaka kujua Dar es Salaam iko mbali kiasi gani, asianze kuhesabu uwanjani Mwanza. Aanzie mlangoni kwa mama yake, tena mwezi wa mvua.