Ushikaji awamu

Neva ya sikio hutunza wakati wa sauti kwa namna ambayo wanasayansi wameipa istilahi maalumu, "phase locking" kwa Kiingereza. Wapo wanaoitafsiri "kufungwa kwa awamu". Mimi nachagua "ushikaji awamu", na sababu iko katika utendaji wa neva yenyewe.

Sauti ni mtetemo. Masafa yake ni idadi ya mizunguko kwa sekunde, nayo hupimwa kwa hezi. Awamu ni mahali mtetemo ulipofika ndani ya mzunguko mmoja. Kwenye koklea, ndani ya sikio, seli zenye vinyweleo hutikiswa na mtetemo huo, kisha nyuzi za neva, takriban 30,000 kwa binadamu, hupeleka mapigo ya umeme kwenye ubongo. Uzi ukishapiga, hupumzika kwa muda unaokaribia milisekunde moja. Sauti ya hezi 2,000 humaliza mzunguko kila nusu milisekunde, kwa hiyo uzi mmoja hauwezi kujibu kila mzunguko.

Hata hivyo, kila unapopiga, hupiga karibu na awamu ileile. Ni kama makofi ya ngoma ya harusi pale Katubuka, mjini Kigoma: ngoma ikikolea, huyu huruka pigo moja, yule mawili, lakini anayepiga hapotezi mahali, na uwanjani hakusikiki pengo. Mwaka 1930 Ernest Wever na Charles Bray wa Chuo Kikuu cha Princeton walieleza kwamba nyuzi za neva hupokezana vivyo hivyo. Mpiga makofi wa aina hiyo husemwa ameshika mapigo, hata kama hakuyapiga yote. Aliyefungwa hana ruhusa ya kuruka.

Ushikaji huu una kikomo. Masafa yakipanda, umeme ndani ya seli yenye vinyweleo hauwahi kupanda na kushuka pamoja na kila mzunguko. Kwa paka, ushikaji hufifia kufikia hezi 4,000 au 5,000. Kwa babewana, yule bundi mweupe, huendelea hadi karibu 9,000. Kikomo kikipitwa, ubongo hutegemea sehemu ya koklea iliyotikiswa. Mlio mwembamba wa hezi 8,000 ukiwa unakatika na kurudi, neva ya paka bado hushika kule kukatika na kurudi, ingawa mizunguko ya ndani imeshaiponyoka.

Faida ya ushikaji awamu huonekana kwenye barabara ya Kigoma na Ujiji. Muungurumo wa lori linalotokea kulia hutangulia kulifikia sikio la kulia kwa tofauti isiyozidi sana sehemu saba za kumi za milisekunde, na ubongo huijua tofauti hiyo kwa kuwa neva zote mbili zimeshika awamu. Kwa sauti isiyokatika inayozidi hezi 1,500 hivi, njia hiyo haitufai tena. Hapo kichwa hulikinga sikio la mbali, nalo hupata sauti hafifu zaidi. Ndiyo maana kamusi ikiiandika istilahi hii, itaje na masafa yake: ushikaji awamu ni sifa ya sauti nzito na za kati, si ya kila sauti.