Dennis Lawrence: Beki Aliyelipa Deni la 1989

Tarehe 19 Novemba 1989, Trinidad na Tobago ilihitaji sare tu, tena nyumbani, ili iende kwenye Kombe la Dunia nchini Italia. Marekani ikashinda 1-0 kwa bao la Paul Caligiuri. Insha hii inadai kuwa maisha ya soka ya beki Dennis Lawrence hayaeleweki vizuri bila kuanzia siku hiyo.

Lawrence alizaliwa Port of Spain mwaka 1974. Aliichezea Defence Force, timu ya jeshi la nchi yake, na alikuwa na miaka 26 alipohamia Wrexham, klabu ya Wales, mwaka 2001. Mwaka 2003 klabu hiyo ilipanda daraja. Baadaye ilikumbwa na matatizo ya fedha, ikanyang'anywa pointi 10, na mwaka 2005 ikashuka. Kwa hiyo, beki huyu alipoitwa kuikabili Bahrain mwaka huo, alikuwa mchezaji wa daraja la nne.

Mechi ya kwanza iliisha 1-1 Port of Spain. Tarehe 16 Novemba 2005, mjini Manama, Dwight Yorke alipiga kona, na Lawrence, mwenye urefu wa mita mbili, akafunga kwa kichwa. Yorke alikuwamo katika kikosi cha 1989 akiwa kijana mdogo. Nchi yenye watu wapatao milioni 1.3 ikafuzu kwa mara ya kwanza. Hadi wakati huo hakuna nchi yenye watu wachache zaidi iliyowahi kufika huko. Nchini Ujerumani mwaka 2006 ilitoka sare ya 0-0 na Uswidi ikiwa na wachezaji kumi karibu kipindi chote cha pili.

Tarehe 10 Oktoba 2017, Lawrence akiwa kocha wa taifa, timu yake iliifunga Marekani 2-1 na kuinyima nafasi ya kwenda Urusi. Wengi waliona hicho ndicho kisasi cha 1989. Mimi naona tofauti. Mwaka 2017 Trinidad na Tobago ilikuwa imekwisha kutolewa. Ushindi ule uliwaumiza Wamarekani lakini haukuwapeleka Watrinidad popote. Deni la 1989 lilikuwa safari, na safari hiyo ililipwa Manama.