Alama ya Kitabu cha Wote

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lahusu duka, na lahusu maktaba vile vile. Kwa maana kitabu ni mali nyepesi, nacho hufichika upesi chini ya koti.

Huko Ulaya, katika zama za kati, vitabu vya maktaba vilifungwa rafuni kwa minyororo. Minyororo ya namna hiyo yaonekana hadi leo katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza. Vitabu vilikuwa salama, lakini msomaji ilimlazimu kusoma papo hapo, kana kwamba amefungwa pamoja navyo.

Pwani yetu ilishika njia nyingine. Huko Lamu, katika Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, mna vitabu vya kale vilivyoandikwa ndani yake kuwa ni wakfu. Maana yake, kitabu kimetolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu ili kiwafae wasomaji. Hakiuzwi wala hakirithiwi. Akichukuaye asikirudishe, maandishi yenyewe yamshuhudia.

Sheria ya mwaka 1965 ilipounda huduma ya maktaba za taifa nchini Kenya, alama ya kitabu cha umma ilikuwa muhuri wa wino. Muhuri huo ulisema na aliyefungua kitabu. Mlangoni ulikuwa bubu. Yapata mwaka 1970, kampuni ya 3M ya Marekani ilitoa ukanda mwembamba wa sumaku, ufichwao ndani ya kitabu. Mkutubi huunyamazisha akikiazimisha. Lakini kitabu kikipitishwa kwa siri kati ya nguzo za mlangoni, kengele hulia. Baadaye kikaja kibandiko cha mawimbi ya redio, kiwezacho kutaja hata namba ya kitabu.

Je, mitambo yatosha? La. Nguzo hazisikii ukurasa unaochanwa, wala haziwezi kumtia mtu aibu. Mfikirie mwanafunzi wa mtaa wa Kihoto, mjini Naivasha, ambaye kwao hakuna fedha za kununulia vitabu. Akifika maktabani akute pengo rafuni, aliyeibiwa si serikali; ni yeye, na mwizi wake hamjui hata kwa jina.

Kihoto, kwa lugha ya Kikuyu, ni haki. Minyororo, wino na sumaku, vyote vyalinda haki hiyo moja: kwamba msomaji ajaye kesho akikute kitabu mahali pake.