Sheria Iliyowatia Waingereza Kwenye Kazi ya Bati

Mtu akiuliza kwa nini Waingereza wengi humaliza Jumamosi zao uvunguni mwa gari kuukuu, wakikata bati lililoliwa na kutu na kuchomelea jipya, hujibiwa haraka kwamba wale ni watu wa kupenda vya kale. Jibu hilo halielezi kitu. Wapenda vya kale wako kila nchi, na wengi wao huridhika kukitazama kitu kilichotunzwa na mwingine. Hapa tunamzungumzia karani au mwalimu, asiye fundi, aliyejifunza kushika grinda na mashine ya kuchomelea ili aijenge upya bodi ya gari nyumbani kwake. Mazoea hayo, kwa wingi tunaouona leo, yana umri wa kama nusu karne tu, na ukizifuata tarehe zake utakuta nyuma yake mambo mawili ambayo hayana uhusiano wowote na mapenzi: namna uundaji wa magari ulivyobadilika, na sheria ya ukaguzi.

Tuanze na muundo. Gari la zamani lilikuwa na chasisi, fremu nzito ya chuma iliyobeba injini na magurudumu, na bodi ikakalishwa juu yake, mara nyingi ikiwa ni bati au alumini iliyopigiliwa kwenye mifupa ya mbao. Kutu ikila madigadi, gari halikupendeza, lakini lilitembea. Kisha wakaja wabunifu walioondoa chasisi na kuifanya bodi yenyewe ibebe mzigo wote. Citroën walifanya hivyo kwa Traction Avant mwaka 1934. Uingereza, Vauxhall wakafuata 1937, halafu zikaja Morris Minor ya 1948, Mini ya 1959 na MGB ya 1962. Gari likawa jepesi na rahisi kutengenezwa kwa wingi. Gharama yake ilijificha ndani: nguvu ya bodi hizo hutokana na mabati membamba, ya kama milimita 1, yaliyokunjwa na kuunganishwa yakawa masanduku yenye uwazi, na rangi ya kiwandani ya enzi hizo haikufika vizuri ndani ya masanduku hayo. Maji na tope viliingia vikakaa. Majira ya baridi barabara zilimwagiwa chumvi ya mawe kuyeyusha barafu, nyingi ikichimbwa Cheshire, na chumvi iliyoyeyuka huharakisha kutu kuliko maji matupu. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana rangi hufura kwanza. Ukiuona uvimbe nje, ndani kumekwisha kitambo.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kulipima jambo hili kwa Land Rover. Mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, kwa hiyo bodi yake ilitengenezwa kwa alumini na kuwekwa juu ya chasisi ya chuma. Bodi hudumu, chasisi huoza, na mwenye nazo huagiza chasisi nyingine na gari likapona. Kwenye MGB kwa miaka mingi hakukuwa na cha kuagiza kirahisi hivyo, kwa kuwa kilichooza ndicho gari lenyewe.

Hata hivyo muundo peke yake usingemfanya mtu achomelee. Angeweza kuendesha gari lililotoboka mpaka likatike, na wengi walifanya hivyo. Kilichowabana ni sheria. Ukaguzi wa magari ulianza Septemba 1960, wakati Ernest Marples akiwa Waziri wa Usafiri, kwa magari yenye umri wa miaka 10 na kuendelea, na ulihusu breki, taa na usukani. Magari yaliyoshindwa yalikuwa mengi kiasi kwamba mwishoni mwa 1961 umri ulishushwa hadi miaka 7, na mwaka 1967 hadi miaka 3. Lakini tarehe ninayoiona nzito kuliko zote ni 1977, hali ya bodi na chasisi ilipoingizwa katika orodha ya mambo ya kukaguliwa. Tangu hapo tundu chini ya mlango, ambalo jana lilikuwa aibu tu, likawa sababu ya kunyimwa cheti.

Watu walijaribu kuikwepa, na ukwepaji huo nao una historia yake. Fundi wa kale alijaza mabonde ya bati kwa lehemu ya risasi na stani, mchanganyiko ambao katika nyuzi joto kati ya 180 na 250 hivi huwa mzito kama uji, akausambaza kwa kibao cha mti kilichopakwa mafuta ya mnyama kisishike. Moto ukizidi kidogo, yote yanadondoka sakafuni. Hiyo ilikuwa kazi ya miaka ya mafunzo. Katika miaka ya 1950 ikaja puti ya poliesta: changanya, paka, subiri kidogo, piga msasa. Ghafla kila mtu aliweza kuziba tundu kwa puti na faibaglasi, na asiye na haya alijaza magazeti kwanza. Puti haibebi uzito. Ndiyo maana kanuni za ukaguzi ziliishia kusema wazi kwamba penye mzigo, hasa ndani ya sentimita 30 kutoka mahali pa kufungia sehemu kama springi, usukani au mkanda wa kiti, kiraka kiwe cha chuma na kichomelewe. Puti na gundi havikubaliwi. Kanuni hiyo, kwa maneno yake makavu, ndiyo iliyomtenga mchora sura na mjenzi wa gari.

Sasa mtu atauliza: kwa nini wasipeleke kwa fundi? Swali ni la haki, maana Mombasa au Dar es Salaam, ambako hewa ya bahari nayo haina huruma na bati, mwenye gari hajifunzi kuchomelea. Analipeleka kwa fundi wa bodi. Tofauti iko kwenye bei ya saa za mtu ikilinganishwa na bei ya gari. Kwetu gari ni ghali na saa za fundi ni rahisi. Uingereza ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa kinyume: gari la miaka 12 lilikuwa halina thamani ya maana, na saa za gereji zilikuwa ghali, kiasi kwamba bili ya kuchomelea ingezidi bei ya gari lenyewe. Aliyetaka kubaki nalo ilimbidi atoe saa zake mwenyewe. Vifaa vikamfuata: mashine ndogo za kuchomelea kwa waya na gesi, zinazotumia umeme wa nyumbani, zikashuka bei, na hizo hazipindi bati jembamba kama moto wa asetilini ufanyavyo. Vitabu vya John Haynes, vilivyoanza 1966 na gari la Austin-Healey Sprite, vilikuwa vimekwishazoesha watu kufungua gari kwa picha, na mwaka 1980 likazaliwa jarida la Practical Classics kwa ajili ya watu wa aina hiyo hasa.

Kazi yenyewe inaonyesha kwa nini ilidai saa nyingi. Chini ya mlango wa MGB kuna boriti iliyoundwa kwa tabaka kadhaa: bati la nje linaloonekana, bati la katikati, na kipande cha chini kinachofunga sanduku. Bati la nje linaendelea mbele hadi nyuma ya madigadi, kwa hiyo kulibadilisha lote ni lazima madigadi yafunguliwe. Kama gari ni la wazi, lisilo na paa, boriti hizo mbili ndizo zinazozuia gari lisikunjike katikati. Ukizikata gari likiwa limeinuliwa kwa jeki mahali pasipofaa, bodi hulegea taratibu, na ukishachomelea umeufunga upinde huo milele: mlango hautafunga tena. Wanaoijua kazi huweka tegemeo chini ya ncha zote, huchomelea upau wa kushikilia uwazi wa mlango, kisha hupima nafasi kati ya mlango na bodi kabla na baada ya kila hatua.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba vyama vya wapenda magari ya kale vilikuwepo kabla ya sheria yoyote. Ni kweli: msafara wa London hadi Brighton ulihuishwa 1927, na Vintage Sports-Car Club iliundwa 1934. Lakini magari yao yalikuwa ya chasisi, na shida yake ilikuwa mbao, ngozi na vipuri vya injini. Kiraka cha bati chini ya mlango si urithi wao. Wengine watasema sheria iliua magari mengi kuliko iliyookoa, na hilo silikatai. Mengi yalikwenda kuchinjwa kwa tundu ambalo leo lingezibwa wikiendi moja. Ila mahitaji ya waliobaki ndiyo yaliyolipia mabati mapya. Mwaka 1988 British Motor Heritage walianza kutoa bodi nzima za MGB kwa kutumia vifaa vya kukandamizia vya awali, miaka 8 baada ya gari hilo kuacha kutengenezwa. Mapenzi bila mahitaji hayo yasingewasha mashine hata moja. Na bodi hiyo ya kuponyea kutu ilizaa gari jipya, MG RV8 ya miaka ya 1990, ambalo magari yake karibu 2,000 mengi yaliuzwa Japani.

Tangu Mei 2018 gari lililofikisha miaka 40 Uingereza, kama halikubadilishwa sana, halilazimiki tena kukaguliwa kila mwaka. MGB zote sasa zimevuka umri huo. Kwa anayetaka kununua moja, maana yake ni hii: huenda hakuna mkaguzi aliyeigonga boriti ile kwa miaka kadhaa. Fika na sumaku, isiyoshika kwenye puti, inua zulia, bonyeza kwa kidole pande zote mbili chini ya mlango, ndipo uzungumze bei.